Ugonjwa Aliofichwa Aminieli

Aika alichuma kahawa kwa mikono miwili, kila mkono na tawi lake. Alijifunza hivyo tangu alipotoka kwao Machame akaolewa Akheri, kwenye mteremko wa Mlima Meru. Mume hayupo, watoto wadogo, mvua haimsubiri mtu. Mikono miwili ilibidi ifanye kazi ya mikono minne.

Mumewe, Aminieli, alikuwa dereva wa lori. Alipeleka kahawa na maharage Nairobi, akarudi na mabati, sabuni na chumvi. Mara nyingine alitumwa Dodoma, mara nyingine Tanga. Nyumbani alikuja mwisho wa mwezi, na kuna miezi hakuja kabisa. Akija, watu walijaa uani kumsalimu na kumwuliza habari za mbali. Kabla Aika hajapata kuzungumza naye vizuri, kumekucha, na mwanamume ameshavaa koti lake.

Aika hakulalamika. Lakini moyoni alikuwa na hamu moja, wala haikuwa hamu ya nguo au viatu. Alitaka siku ya kawaida na mume wake. Siku ambayo Aminieli ataamka asiende popote. Wapalilie pamoja, wale loshoro, mahindi ya maziwa ya mgando, kwenye bakuli moja chini ya migomba, wagombane kwa sababu ya mbuzi aliyefungwa vibaya. Mambo ambayo wake wengine waliyachoka, yeye aliyaota.

Mwaka 1956 Aminieli aliacha kazi. Alipanda mlima na sanduku lake la bati begani, akalitua mlangoni.

"Mama Efraimu," alisema, "nimekuja kukaa."

Efraimu, mtoto wao wa kwanza, alikuwa mwalimu huko Singida. Mabinti walikwisha kuolewa. Nyumba ikabaki ya watu wawili. Aika alikuwa bibi arusi mwenye mvi. Alicheka ovyo, hata majirani wakamshangaa.

Aminieli alikuwa na kikohozi cha miaka mingi. Alianza kuvuta sigara vitani, alipokuwa askari kule Burma na sigara zikigawiwa pamoja na chakula. Alipokuwa dereva alivuta ili asisinzie njiani. Kwa hiyo, akikohoa, hakuna aliyejali. Kilikuwa kikohozi cha baba, basi.

Lakini mwaka uliofuata kikohozi kile kilibadilika. Kilikuja mfululizo, kikamwinamisha. Bega la kulia likawa linamuuma hata akiwa amelala. Suruali zikawa zinamteleza kiunoni. Zamani alikuwa akipanda kutoka mtoni bila kusimama. Sasa alisimama njiani, mkono ukishika mgomba, akitafuta pumzi. Asubuhi moja alitema mate kwenye jani la mgomba, na mate yalikuwa na damu.

Majirani walisema ni kifua kikuu. Mmoja akaacha kunywea kikombe cha nyumba ile. Mwingine akaleta gome la mti, akasema lichemshwe. Aminieli alikunywa hayo maji machungu majuma kadhaa. Damu haikukoma.

Ndipo kaka yake, Melkizedeki, mzee wa kanisa, alipompeleka hospitalini Arusha mjini. Walipima makohozi yake wakitafuta kifua kikuu, hawakukiona. Walimpiga picha ya kifua. Kwenye picha kulikuwa na doa katika pafu la kulia. Basi makohozi mengine yakapelekwa maabara kubwa, yakatazamwe kwa darubini.

Siku ya majibu Aminieli alikuwa na homa. Akaenda Aika pamoja na Melkizedeki. Daktari alikuwa Mwingereza. Kiswahili alikijua kidogo, na pale kilipomwishia alisaidiwa na muuguzi mmoja aliyeitwa Pudensiana, mama wa makamo kutoka Kibosho.

"Si kifua kikuu," alisema Pudensiana taratibu. "Ni kansa ya pafu. Wengine huiita saratani. Daktari anataka mgonjwa aje mwenyewe, upesi, wazungumze. Kuna tiba ya kujaribu, lakini iko Nairobi."

Aika alisikia maneno mawili tu: kansa, na Nairobi.

Nje, chini ya mti wa krismasi, Melkizedeki alivua kofia yake akajifuta uso. "Shemeji," alisema, "neno hili lisimfikie ndugu yangu. Ukimwambia, atakata tamaa na kufa kabla ya siku yake. Tumwambie ni baridi imeingia kifuani."

"Sawa, shemeji," alijibu Aika.

Alikubali haraka. Kumbe hakukubali kwa sababu aliyosema Melkizedeki. Alikuwa na yake, na hakuweza kuitamka mbele ya mzee wa kanisa. Barabara ya Nairobi ilikwisha kumnyang'anya mume miaka yote ile. Leo amempata, na tayari wanamwambia amrudishe kwenye barabara hiyo hiyo, tena pengine asirudi. La. Kama ni miezi michache imebaki, basi miezi hiyo ni yake.

Homa ilipoisha, Aminieli alipata nafuu kidogo, na siku alizozitamani Aika zikaendelea. Waliamka pamoja. Aminieli alikaa kwenye kigoda akipasua kuni nyembamba, akimsimulia habari za simba aliyelala katikati ya barabara karibu na Longido, mpaka madereva wanne wakazima magari kumngojea aamke. Aika alicheka. Kisha Aminieli akakohoa, na kicheko kikamwishia mdomoni.

Siku moja Aminieli alisema, "Kule juu kwenye mpaka wa shamba tupande mibuni mipya. Miaka mitatu, minne hivi, tutaanza kuchuma."

Aika aliingia jikoni akainamia moto ambao haukuhitaji kupulizwa. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu.

"Moshi," alisema.

Aminieli alimtazama, akarudi kwenye kuni zake.

Majuma yalipita. Siku ya soko, Aika alishuka Tengeru kuuza ndizi. Alikuwa amepanga mikungu yake chini, mara akamwona Pudensiana na kikapu mkononi. Aika aliinamisha kichwa, akajifanya anafunga kamba. Pudensiana akaja moja kwa moja.

"Mama Efraimu, habari za siku nyingi? Mgonjwa mbona hatukumwona?"

"Hajambo. Amepata nafuu."

"Anajua anaumwa nini?"

Aika alizidi kukaza kamba. Pudensiana aliweka kikapu chini, akachuchumaa kando yake kama mtu anayechagua ndizi.

"Ni ugonjwa gani huo hasa, dada?" Aika aliuliza kwa sauti ndogo. "Maana siku ile sikusikia kitu. Tumerogwa?"

"Hamkurogwa. Sikiliza. Mwili wetu wote umeundwa kwa chembe ndogo, jicho haliwezi kuziona. Chembe huzeeka, zikazaliwa nyingine mahali pake, kwa utaratibu. Sasa kansa ni chembe zilizoacha utaratibu. Zinazaliana tu, hazikomi, mpaka zinafanya uvimbe. Kwa mzee uvimbe uko ndani ya pafu. Ndiyo maana anakohoa, anatoa damu, pumzi inakatika, na mwili unakwisha."

"Nami nitaupata? Tunakula bakuli moja."

"Hauambukizi hata kidogo. Kuleni pamoja, laleni pamoja."

Aika alishusha pumzi. "Umetoka wapi, basi?"

"Madaktari wa ng'ambo wamechunguza wagonjwa wengi wa namna hii. Wameona wengi wao ni watu waliovuta sigara miaka mingi. Si kila mvutaji ataugua, na wako wachache wanaougua bila kuvuta. Lakini moshi ule, kila siku, mwaka hadi mwaka, unaharibu pafu."

Mnunuzi mmoja aliuliza bei. Aika alimjibu bila kumtazama, mnunuzi akaenda zake.

"Mlimficha kwa nini?" Pudensiana aliuliza.

"Kaka yake alisema atakufa kwa hofu."

"Na wewe ulisema nini?"

Aika alishika ncha ya kanga yake akaikunja, akaikunjua. "Mimi nilisema ataenda Nairobi. Dada, huyu mtu nimemngojea tangu nikiwa msichana. Nimezaa peke yangu, nimezika mama mkwe peke yangu. Sasa amekaa. Nimwambie aondoke tena?"

Pudensiana alirudisha chini ndizi aliyokuwa ameishika. Mumewe mwenyewe alikuwa akifanya kazi mashambani kwa walowezi, na alikuja nyumbani kwa msimu.

"Nakuelewa kabisa," alisema. "Lakini uvimbe hautakupa muda unaoutaka. Kwenye picha ulikuwa mahali pamoja. Ukiwa mahali pamoja, daktari mpasuaji anaweza kuukata. Ukitawanyika, ukafika kwenye ini au mifupa, hana la kukata. Sijui leo uko wapi. Huenda bado upo pale pale. Lakini mwili ni wa mzee, mama. Yeye ndiye wa kusema."

Aika hakumaliza kuuza ndizi zake. Alimwachia jirani.

Alimkuta Aminieli kule juu mpakani, anachimba mashimo ya mibuni. Alichimba kidogo, akapumzika akiegemea jembe, akachimba tena. Mashimo mawili yalikuwa tayari.

"Baba Efraimu, kaa chini."

"Nimalizie hili."

"Kaa, baba."

Akakaa kwenye ukingo wa shimo. Aika alikaa kando yake, akamwambia yote. Alimwambia kuhusu picha, na kuhusu darubini, na neno kansa, na tiba ya Nairobi. Alimwambia maneno ya Melkizedeki. Mwishoni akamwambia sababu yake mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyomtoa jasho.

Aminieli alifikicha udongo kwa vidole muda mrefu.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Na kila ukiingia jikoni ukatoka umelia, ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Nilidhani umenichoka," alisema Aminieli. "Nilisema moyoni, huyu mwanamke alizoea kukaa bila mume, sasa namsumbua. Kumbe!" Alitikisa kichwa. "Tumekaa nyumba moja, kila mtu peke yake."

Akasimama, akashuka nyumbani bila kumngoja. Siku ile hakusema naye, wala siku ya pili yake. Aika aliweka chakula, akaondoa chakula. Siku ya tatu asubuhi Aminieli alikuwa amevaa koti lake, amekaa kwenye kigoda.

"Huyo muuguzi wako yuko kazini leo?"

"Yuko."

"Vaa viatu, twende. Na tumpitie Melkizedeki. Aje asikie mimi nikiambiwa."

Hospitalini, daktari alibandika picha ya kifua kwenye taa. Aminieli alisogea karibu, akautazama uvimbe wake kama alivyozoea kutazama injini iliyoharibika.

"Ni huu?"

"Huu," alisema daktari.

"Mnaweza kufanya nini? Msinifiche."

Daktari alieleza, Pudensiana akitafsiri. Ya kwanza ilikuwa kupasuliwa kifua na kuondoa sehemu ya pafu yenye uvimbe, au pafu zima. Mtu anaweza kuishi kwa pafu moja. Lakini kwanza, huko Nairobi, wataingiza bomba jembamba kooni waone kama uvimbe haujatawanyika. Wakiona umetawanyika, hawatampasua.

"Na nikipasuliwa, naweza kufa mezani?"

"Hatari ipo," alisema Pudensiana. "Daktari anasema hawezi kukuambia haipo. Na hata ukipona jeraha, uvimbe unaweza kurudi baadaye."

"Kuna njia nyingine?"

"Kuna mashine ya miale mikali ya kuunguza uvimbe. Hapa kwetu haipo. Ng'ambo pia wanajaribu dawa za sindano, lakini bado wanajifunza."

"Na nikikaa nyumbani tu?"

Daktari alikaa kwenye kiti ili macho yao yalingane. Alijibu mwenyewe kwa Kiswahili chake. "Hiyo pia njia. Wewe kataa Nairobi, mimi hapana fukuza wewe. Mimi nitatoa dawa ya maumivu, dawa ya kikohozi, ya kupumua vizuri. Lakini uvimbe itakua."

Melkizedeki alikuwa ukutani, kofia mkononi. "Ndugu yangu, nisamehe," alisema. "Niliogopa."

"Hata mimi naogopa," alijibu Aminieli. "Ila sasa najua ninachokiogopa." Akamgeukia mkewe. "Mama Efraimu. Sema wewe."

Aika hakuwa amezoea kuulizwa mbele ya watu. "Mimi nataka ukae," alisema. "Hilo unalijua. Lakini sitaki ukae kwa sababu nimekudanganya. Uamuzi ni wako. Ukisema nyumbani, nitakuuguza. Ukisema Nairobi, nitakwenda nawe. Kukaa hapa nikingoja tena, hapana. Hilo tu ndilo nakataa."

Aminieli alicheka, kikohozi kikamshika, akangoja kipite.

"Nairobi," alisema.

"Na sigara uache leo," aliongeza Pudensiana. "Jeraha la mvutaji linapona vibaya, na pumzi utaihitaji yote."

Aminieli alitoa pakiti mfukoni, akaiweka mezani. Mkono wake ulikawia juu yake kidogo, kisha akauondoa.

Melkizedeki alibaki akiangalia shamba na mbuzi. Aika alipanda basi la Nairobi akiwa na kikapu cha ndizi za kuchoma na blanketi. Hakuwahi kupita njia ile hata mara moja. Miaka yote aliijua kama kitu kinachomeza mtu na kumtema akiwa amechoka. Sasa alikaa dirishani, na Aminieli akamwonyesha.

"Hapa ndipo springi ilivunjika, nikalala siku mbili. Hapa Namnyaki alikuwa akituuzia maziwa. Mama wa Kimasai, mkali huyo, ukimcheleweshea kibuyu chake!"

"Na simba?"

"Bado. Pale mbele, penye miamba."

Mlima Longido ulipita upande wao, wa kijivujivu. Twiga walitazama basi bila kushtuka. Aika aliona uwanda ule mpana usio na mtu, upepo ukivuta vumbi, akawaza: hapa alipita peke yake, na mimi nilikuwa namkasirikia. Alishika mkono wa mumewe juu ya blanketi, hadharani, watu wote wa basi wakiona. Namanga, mpakani, askari walikagua karatasi zao na barua ya daktari, wakawapitisha.

Nairobi, Aika alifikia kwa Magdalena, mdogo wake Pudensiana, mke wa seremala. Aminieli alilazwa. Waliingiza bomba, wakatazama, wakachukua kipande kidogo. Kwa siku kadhaa hakukuwa na jibu. Kisha mpasuaji akasema uvimbe bado uko mahali pamoja, ingawa umekua kuliko ulivyokuwa kwenye picha ya Arusha.

Aika alisikia maneno hayo ya mwisho, na hakuyasahau. Kukua kule kulikuwa ni yale majuma yake ya kunyamaza.

Siku ya upasuaji alikaa kwenye nyasi nje ya wodi tangu asubuhi. Hakuomba maneno marefu. Alisema tu, "Mungu wangu, bado kidogo. Bado kidogo naye." Jua lilikuwa limepinda alipoitwa. Aminieli alikuwa amelala, mweupe kama majivu, mpira wa kutolea maji na damu umetoka ubavuni. Walikuwa wamekata sehemu mbili za chini za pafu la kulia. Sehemu ya juu ilibaki. Alikuwa anapumua.

Maumivu yalikuwa makubwa. Wauguzi walimlazimisha akohoe, akae, avute pumzi ndefu, na yeye akawatukana kwa Kimeru wasielewe. Aika alielewa, akaona aibu, akafurahi. Mtu anayetukana yupo.

Walirudi Akheri wakati wa kuvuna mahindi. Aminieli hakuwa tena mtu wa jembe. Alichuma kahawa za matawi ya chini akiwa amekaa, na kazi nzito akamwachia kijana wa kibarua. Kila baada ya miezi kadhaa walishuka mjini kupigwa picha. Daktari hakusema kwamba amepona. Alisema, "Leo hatuoni kitu," na wao wakajifunza kuipokea leo hiyo wakarudi nayo nyumbani.

Mwaka mmoja baadaye, dereva mwenzake wa zamani, Romanus wa Ngarenaro, alikuja kumwona. Sauti yake ilikuwa imekauka, anakohoa, amekonda. Mkewe alimvuta Aika pembeni.

"Tumeambiwa tusimpeleke hospitali," alinong'ona. "Akisikia jina la ugonjwa atakufa."

"Nani amekwambia anaumwa nini?" Aika aliuliza. "Umepima kwa macho? Kikohozi cha majuma matatu ni cha kupimwa. Aende kesho. Na majibu apewe mwenyewe, wewe ukiwa kando yake."

Romanus alikwenda, Aminieli akimpeleka. Mlangoni pa hospitali Aminieli alimwambia Pudensiana, "Huyu mwambieni yeye, siyo kaka zake." Ilikuwa kifua kikuu. Romanus alipewa dawa zake za miezi mingi, akazimaliza, akanenepa. Sigara naye aliacha, kwa manung'uniko.

Jumapili Aika na Aminieli waliondoka nyumbani mapema kwenda kanisani, maana njia ilikuwa ya kupanda. Aminieli alitembea hatua chache, akasimama. Aika naye akasimama. Walitazama bonde, na moshi wa majiko ukipanda juu ya migomba. Hawakusema kitu cha maana. Aminieli alisema ukuta wa fulani umepinda. Aika akasema umepinda tangu zamani. Wakabishana mpaka pumzi ikamrudi, wakaendelea.

Watu waliwapita, wengine kwa haraka. Kengele ikalia kule juu. Binti mmoja wa kwaya aligeuka akaita, "Shikamooni! Mama Efraimu, mtachelewa!"

"Marahaba, mwanangu," alijibu Aika, mkono wake ukiwa chini ya kwapa la mumewe. "Tangulieni. Sisi tunatembea."